Mara ya Kwanza Dar es Salaam: Tufikie Wapi?



Tumepata barua ya mama mmoja wa Makete. Anatueleza kwamba yeye na mumewe wamedunduliza fedha kwa miaka miwili ili Desemba hii wawapeleke watoto wao wanne Dar es Salaam, wakaione bahari. Mkubwa amemaliza darasa la saba, na wa mwisho ana miezi mitano. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika huko. Nauli wanayo. Shida yake ni kwamba kila anayemwuliza humtajia mtaa wake. Shemeji yake anaishi Chanika, na amesema wasipofikia kwake watakuwa wamemdharau. Mumewe anataka Kigamboni, kwa sababu ameonyeshwa picha ya nyumba iliyo hatua chache tu kutoka kwenye maji. Rafiki yake wa kwaya anamshauri aende Sinza, kwamba gesti ni nyingi na bei ni ya kawaida. Mwisho anauliza: "Nanyi mnasemaje, tufikie wapi?"

Tuliisoma barua hiyo mara tatu, maana sisi nasi tuliwahi kuwa na swali hilo, na tulilijibu vibaya.

Ilikuwa Desemba 2012. Nasi tulikuwa na picha ya nyumba, na nasi tulichagua Kigamboni. Bei ilikuwa nafuu, minazi ilionekana, na baba watoto akasema hapo ndipo. Basi letu lilichelewa njiani, likaingia Ubungo saa 2 usiku, kwa kuwa siku hizo stendi kuu ilikuwa bado iko Ubungo. Kutoka hapo tulipanda daladala hadi Posta, tukabeba mizigo hadi kivukoni, tukavuka, kisha tukatafuta bajaji ng'ambo. Tulifika saa 5 usiku na watoto wamelala mabegani. Hata hivyo asubuhi tulipofungua mlango na kuiona bahari, tulisahau yote. Siku mbili zile za kwanza hatutazisahau.

Usiku wa tatu mtoto wetu wa tatu, aliyekuwa na miaka miwili, alipata homa kali na kufikia saa 6 usiku akashikwa na degedege. Sisi ni wauguzi. Kwa zaidi ya miaka kumi tulikuwa tumewashika watoto wa wenzetu wenye degedege na mikono yetu haikutetemeka. Usiku ule ilitetemeka. Tulimlaza ubavu, tukamlegeza nguo, hatukumtia kijiko wala kidole mdomoni, tukaangalia saa. Dakika zilikuwa tatu, lakini mama aliyepitia hapo anajua dakika tatu hizo zina urefu gani. Alipotulia tukaanza kutafuta usafiri. Hatukumjua jirani hata mmoja. Daraja la Kigamboni halikuwapo. Lilifunguliwa Aprili 2016. Njia yetu ilikuwa kivuko, na kivuko kilikuwa upande wa pili. Tulisimama pale gizani tukiziangalia taa za mjini, karibu sana kwa macho, mtoto akiwa amefungwa kwenye kanga, na baba watoto akitembea huku na huku bila kusema neno. Tulimfikisha hospitalini saa 9 usiku. Ilikuwa ni sikio lililokuwa na usaha. Alitibiwa, akapona, na leo ametupita kimo.

Hatumlaumu mwenye nyumba wala mtu wa kivuko. Tulilolikosea ni kwamba katika maswali yote tuliyouliza kabla ya kusafiri, yaani bei, vitanda, jiko, umbali wa bahari, hatukuuliza hili moja: mtoto akiugua saa 8 usiku, tunampeleka wapi, na kwa njia gani? Mama wa Makete, tunaomba uanze na swali hilo kwa kila mtaa utakaotajiwa. Huenda likakupunguzia mitaa nusu.

Sasa tuseme kidogo jinsi jiji lenyewe lilivyokaa, maana aliyezoea mji wa barabara moja hupata shida kuelewa. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 5.3 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ufikirie mkono uliofunguliwa. Kiganja ni Posta, Upanga na Kariakoo. Vidole ni barabara kuu: ya Bagamoyo inakwenda kaskazini ikiifuata pwani, ya Morogoro inakwenda magharibi kupitia Magomeni, Ubungo, Kimara na Mbezi, ya Nyerere inakwenda uwanja wa ndege na kuendelea Gongo la Mboto, Pugu hadi Chanika, ya Kilwa inakwenda kusini, Mbagala. Kigamboni iko ng'ambo ya mkono wa bahari unaoingia bandarini. Mtu akikaa kwenye kidole kimoja na shughuli zake ziko kwenye kingine, siku yake huishia kwenye foleni. Barabara za kuunganisha vidole zimeongezeka, lakini magari nayo yameongezeka.

Bahari ya kuogelea iko kwenye kidole cha Bagamoyo na huko Kigamboni. Pale Posta bahari unaiona vizuri sana, lakini ni ya meli, boti za Zanzibar na wavuvi wa soko la Feri. Chanika iko bara kabisa. Kutoka kwa shemeji hadi Coco Beach kwa daladala, mkiwa na watoto wanne na kikapu cha chakula, mhesabu saa mbili na zaidi kwenda, na jioni zaidi ya hapo kurudi. Watoto wataiona bahari mara moja, wakiwa wamechoka na mama akiwa amekasirika.

Na hapa tukuonye juu ya neno moja ambalo limepoteza wageni wengi: Mbezi. Ziko mbili. Mbezi ya Barabara ya Morogoro, wanayoiita Mbezi Luis au Mbezi Mwisho, ndiko iliko stendi kuu ya mabasi ya mikoani tangu 2021, Stendi ya Magufuli. Mbezi Beach iko kwenye Barabara ya Bagamoyo, kidole kingine. Kati yake kuna Goba na mwendo mrefu. Tunamfahamu dada mmoja wa ushirika wetu aliyeambiwa kwamba chumba chake kiko "Mbezi, karibu na stendi" akafurahi akidhani atakuwa anatembea kwa miguu kwenda baharini. Alikaa siku nne akinunua nauli.

Hata Mbezi Beach yenyewe, jina lisikudanganye. Eneo ni kubwa, na nyumba nyingi ziko upande wa pili wa barabara kuu, mbali na maji. Tena sehemu kubwa ya ufukwe huko imezungukwa na kuta za hoteli na za nyumba za watu, na kwenye hoteli unalipa kiingilio au unatakiwa kununua chakula chao. Basi mwenye nyumba akisema "karibu na bahari", mwulize: tunatembea dakika ngapi kwa miguu, na tukifika tunaingilia mlango gani, na je, tunalipa? Coco Beach, iliyoko Oysterbay, ni ya watu wote na huingii kwa kulipa. Ina upepo, ina mihogo ya kukaanga, ina watoto wa kila namna. Jumapili jioni hujaa mpaka mama hawezi kuwaona wanawe wote kwa pamoja. Nendeni siku ya kazi, asubuhi.

Kuhusu Sinza, rafiki yako wa kwaya hakukudanganya. Gesti ni nyingi na daladala zinapatikana kwa urahisi. Ila tuseme wazi kama wanawake watu wazima: gesti nyingi zimepakana na baa, na nyingine wateja wake si wasafiri. Wanalipia saa chache na kuondoka. Hilo si la Sinza peke yake, liko kila mji wenye stendi na baa, hata huko kwetu mikoani. Mtoto aliyemaliza darasa la saba ana macho na ana masikio, na ukuta wa gesti ni mwembamba. Tena muziki wa baa hauzimwi kwa sababu mtoto wa miezi mitano amelala.

Utajuaje kabla hujafika? Usimwulize wa mapokezi, yeye atasema ni pazuri. Mtu wa kuulizwa ni yule mama anayeuza vitumbua nje ya geti alfajiri. Yeye huwaona wanaoingia na wanaotoka, na anajua muziki ulizimwa saa ngapi. Nawe uko Makete, mama wa vitumbua utampataje? Hapa ndipo kanisa linapokuwa msaada mkubwa, nasi tunashangaa jinsi tunavyolisahau. Mwombe mchungaji wako barua ya utambulisho au namba ya simu ya usharika ulio karibu na mtaa unaoufikiria. Zungumza na kiongozi wa wanawake wa huko. Mwombe kwa upole apite siku moja akitoka kwenye ibada, akione chumba, anuse choo, afungue bomba, aangalie kama dirisha lina wavu. Sisi tumefanya hivyo mara mbili kwa ajili ya wageni kutoka mikoa mingine, na kazi hiyo haikutuchukua hata saa moja. Mara moja tulirudi tukawaambia, "Msije hapa."

Mwenzetu mwingine hakuwa na mtu wa kumtazamia. Aliona picha nzuri kwenye simu, nyumba nzima yenye bustani, akatuma malipo ya nusu kwa huyo aliyejiita wakala. Walipofika na mizigo yao, namba ya nyumba ilikuwapo, lakini mzee aliyefungua geti alikuwa anakaa humo na familia yake kwa miaka mingi na hakuwa anapangisha. Walikuwa wageni wa tatu mwezi ule. Fedha isitoke mpaka mtu unayemwamini amesimama ndani ya chumba chenyewe.

Tuje kwenye maji, jambo ambalo sisi wauguzi tunaliona kuliko wengine. Nyumba nyingi za Dar es Salaam hutumia visima, na visima vya maeneo ya pwani mara nyingi hutoa maji ya chumvi. Ukioga, sabuni haitoi povu, na ngozi ya mtoto huwasha. Hilo linavumilika. Lisilovumilika ni kuyatumia kumpikia mtoto uji au kumkorogea maziwa ya kopo. Akina mama wengi wanafikiri kuchemsha kutasaidia. Kuchemsha huua vijidudu, lakini chumvi haiondoki. Maji yanavyopungua sufuriani ndivyo chumvi inavyozidi. Ulizeni: maji ya bomba yanatoka siku gani, ya kunywa yananunuliwa wapi, na ndoo ni shilingi ngapi? Mfanye hesabu ya watu sita. Tumeona familia iliyopata chumba cha bei rahisi ikamaliza akiba yote kwenye maji ya chupa.

Kwa yule mdogo wa miezi mitano neno letu ni fupi. Joto la Desemba hadi Machi huko hufika nyuzi 31 au 32 mchana, na kila bibi atakayemwona atakwambia umpe maji. Usimpe. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, mchana na usiku, na wewe mwenyewe ndiye unywe maji kwa wingi. Maziwa yako yana maji yote anayoyahitaji mpaka atimize miezi sita. Chumba kiwe na feni inayofanya kazi, na dirisha linalopata upepo. Chumba cha ghorofani huwa na upepo kuliko cha chini, lakini uangalie ngazi zake kama zina kinga, maana huyo anayetambaa haogopi kitu.

Jambo jingine ni mvua. Desemba ni mwezi wa vuli, na Dar es Salaam ina mabonde. Desemba 2011 mafuriko ya bonde la Msimbazi yaliua watu wapatao arobaini na kuwaacha wengi bila makazi, na baadhi yao wakahamishiwa Mabwepande. Wageni hupangishiwa vyumba mabondeni kwa bei ya chini bila kuambiwa sababu ya bei hiyo. Mara nyingine jina la mtaa linasema lenyewe. Ukisikia Bonde la Mpunga, jua kwamba mpunga haulimwi mlimani. Na baada ya mvua kubwa msiwaogeshe watoto karibu na pale Msimbazi unapoingilia baharini, upande wa Selander. Mto huo umebeba takataka za jiji zima.

Sasa shemeji wa Chanika.

Mama, barua yako ilikuwa na kurasa mbili, na ukurasa mzima ulikuwa juu ya shemeji. Kwa hiyo tunajua kinachokusumbua hasa ni yeye, na bahari inakuja baadaye. Kuna watakaokwambia kwamba fedha ni yenu na safari ni yenu, shemeji asiwapangie. Sisi hatusemi hivyo. Ndugu aliyeko mjini, akisikia kaka yake amelala gesti na watoto wake, ataulizwa na majirani na ataona aibu. Atakumbuka miaka kumi. Na siku mtakapompeleka mgonjwa Muhimbili, mlango mtakaobisha ni wa huyohuyo.

Lakini tumwangalie na mke wake. Tumewahi kupokea wageni wa ghafla, sita kwa mkupuo, na tunajua mama mwenye nyumba anavyosema "karibuni, karibuni sana" huku akihesabu vikombe kichwani. Kama wana vyumba viwili na maji ya kubeba kwa ndoo, siku nane za watu sita zitamchosha, na neno litatoka siku ambayo hakuna aliyelitarajia. Wahenga waliposema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walikuwa wanamtetea mama huyu. Yule mama wa Shunemu katika Biblia, aliyemwandalia Elisha chumba chenye kitanda, meza, kiti na taa, alikuwa mwanamke mwenye mali na mgeni wake alikuwa mmoja. Huyu wa Chanika tusimdai zaidi ya alichonacho.

Maoni yetu ni haya. Fikieni kwa shemeji kwanza. Basi lenu la kutoka nyanda za juu huenda likaingia Mbezi usiku, na usiku wa kwanza katika jiji lisilojulikana haufai kutafutia gesti na watoto. Shemeji awapokee stendi. Kutoka hapo mnaweza kupitia Malamba Mawili na Kinyerezi bila kuingia mjini. Laleni kwake usiku mbili, au tatu zikiangukia Jumapili, mkasali naye kanisani kwake. Nendeni na mchele au unga, sukari, mafuta, na viazi vya Makete ambavyo mjini havipatikani kwa bei hiyo. Mama, ingia jikoni. Osha vyombo hata akikukataza. Asubuhi ya kuondoka mwachie mke wa shemeji kitu mkononi mwake yeye mwenyewe, kimyakimya.

Na habari ya kuondoka isije ikawa ghafla. Aambiwe kabla hamjapanda basi, na asiambiwe na wewe. Ndugu aambiwe na ndugu yake. Baba watoto apige simu aseme: tunakuja kwako siku mbili, tukushukuru, kisha tutawapeleka watoto karibu na bahari siku tatu ili tusiwachoshe na foleni, na tunaomba mwanao mmoja twende naye. Hilo la mwisho usilisahau. Mtoto wa Chanika naye pengine haendi baharini mara nyingi, na shemeji ambaye mwanawe yumo katika safari hataiita safari hiyo dharau.

Kwa zile siku tatu, sisi tungechagua kati ya Upanga na Kinondoni. Upanga na Posta kuna hosteli za makanisa na za jumuiya za Kikristo zinazopokea familia. Ni safi, hazina pombe, na geti hufungwa usiku. Huwa zinajaa mapema msimu wa sikukuu, basi pigeni simu sasa. Kutoka hapo Muhimbili iko jirani, na makanisa makongwe ya enzi ya Wajerumani, Azania Front ya Walutheri na St. Joseph ya Wakatoliki, mnayafikia kwa miguu mkiwa njiani kwenda kutazama meli. Bahari ya kuogelea haipo hapo, lakini Coco Beach si mbali. Kinondoni na Mwananyamala ni mitaa ya watu wa kawaida, chakula ni cha bei ya kawaida, hospitali ya Mwananyamala ipo, na kwenda Coco Beach ni karibu zaidi. Kelele zipo pia, kwa hiyo yule mama wa vitumbua aulizwe. Masaki na Oysterbay kwenyewe ni pazuri na salama, lakini usiku mmoja huko ungewalipia kadhaa kwingine, na duka la nyanya utalitafuta. Kunduchi na Tegeta tungewapendekezea wenye gari na wanaotaka utulivu.

Na Kigamboni, kwa ajili ya baba watoto? Hatuna kinyongo nayo. Siku hizi daraja lipo na hospitali zipo upande huo, kwa hiyo mtu anayefika mara ya pili, mwenye gari na mwenye namba za majirani, akakae. Ninyi nendeni kwa siku moja, asubuhi na mapema, kwa kivuko. Watoto wa milimani watakipenda kivuko kuliko bahari yenyewe. Mwulizeni mvuvi maji yanajaa saa ngapi, maana kupwa na kujaa hupishana kwa saa sita hivi na saa hizo husogea kila siku. Wavisheni watoto kandambili ngumu kwa ajili ya miiba ya bahari, na mtu mzima mmoja awe ndani ya maji upande wa kina, si juu ya mkeka. Rudini kabla ya jua kuzama.

Chandarua mbebe chenu kutoka nyumbani, pamoja na kamba na misumari. Ninyi mnatoka kwenye baridi ambako malaria ni kidogo, na miili ya watoto wenu haijaizoea. Mjamzito akitaka kusafiri amweleze kwanza muuguzi wa kliniki. Bebeni pia pakiti za chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji, dawa ya homa ya watoto yenye kipimo chake, kadi za kliniki, na kadi ya bima kama mnayo. Siku ya kufika, kabla hamjafungua mizigo, baba watoto atembee hadi kituo cha afya kilicho karibu, aone kama kinafanya kazi usiku, na apate namba ya simu ya dereva mmoja wa bajaji. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyelegea sana au aliyepata degedege, hasubiri asubuhi.

Yule mtoto wetu wa 2012, wengi walituambia ni malaria ya Dar. Haikuwezekana. Mbu wa usiku wa kwanza hawezi kumwugesha mtu usiku wa tatu, kwa sababu malaria huchukua angalau wiki moja, na mara nyingi siku 10 hadi 15, kabla ya homa kuonekana. Maana yake kwenu ni kwamba homa ya kuiogopa zaidi itawakuta mkiwa mmesharudi Makete, wakati mizigo imekauka na kila mtu amesahau safari. Mtoto akipata homa wakati wowote ndani ya miezi mitatu baada ya kurudi, mpelekeni siku hiyohiyo akapimwe, na mumwambie mhudumu mapema kabla hajauliza: tulikuwa Dar es Salaam. Kule kwenu anaweza asiifikirie malaria.

Mkirudi, tuandikieni. Tungependa kujua shemeji alisemaje.